Filamu ya saa tatu ya kumenya viazi: Mama aliona nini ambacho mimi sikukiona?

*“Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Nilisoma kwamba wahakiki wa dunia nzima wameichagua filamu ya Kibelgiji inayoitwa Jeanne Dielman kuwa bora kuliko zote, nikaitafuta, nikakaa kuiangalia Jumamosi usiku. Mwanamke anamenya viazi. Anaosha vyombo. Anatandika kitanda. Kamera haisogei. Nililala mara mbili. Mama yangu ni mjane, aliuza viazi karai stendi kwa miaka mingi, na tangu Ramadhani amekuja kukaa nami. Alikuwa pembeni anachambua mchele. Kifaransa hajui, wala yale maandishi ya Kiingereza chini ya picha hayasomi. Ilipofika siku ya pili ya yule mwanamke, mama akaacha mchele akasema, ‘Viazi vyake vimepitiliza. Huyu leo ana jambo.’ Mimi nilikuwa sijaona kitu. Nikaenda kulala, yeye akaangalia mpaka mwisho. Asubuhi nikamuuliza imeishaje, akanijibu, ‘Kaangalie mwenyewe.’ Tangu hapo amekuwa kimya kidogo. Naomba unisaidie mambo mawili. Kuna nini hasa ndani ya hizi filamu za polepole za wanawake wa Ulaya mpaka watu wazisifu miaka hamsini, au ni wasomi kujionyesha tu? Na je, nimemkosea mama kwa kumwonyesha?”*

Mwalimu mwenzangu,

Kwanza nifikishie shikamoo kwa Mama. Kisha usione haya kwa kulala. Mara ya kwanza nilipoiangalia filamu hiyo nilikuwa mwanafunzi, na kufika dakika ya arobaini nilizima nikatoka kwenda kutafuta chipsi. Niliirudia miaka kadhaa baadaye kwa sababu tu nilipangiwa kuifundisha, na hata hapo suala la viazi lilinipita. Nilielezwa na mwanafunzi wa kike aliyekaa nyuma kabisa ya darasa, kwa upole wa mtu anayemwonea mwalimu wake huruma. Mama yako ameliona papo hapo, bila Kifaransa, mikono ikiwa kwenye ungo. Kwa hiyo mhakiki unaye nyumbani, na sehemu kubwa ya barua hii nitakuwa naeleza tu kile alichokwisha kukiona.

Katika swali lako nasikia hofu mbili. Unaogopa kwamba umedanganywa na watu wenye maneno makubwa, na unaogopa kwamba umemgusa mzazi wako mahali ambapo hukukusudia. Ya kwanza ina jibu refu. Ya pili jibu lake ni fupi, ila ndilo lenye uzito, na nitalifikia.

Tuanze na hilo la “bora kuliko zote”, maana limewavuruga wengi. Kura hiyo huandaliwa na Sight and Sound, jarida la Taasisi ya Filamu ya Uingereza, kila baada ya miaka kumi tangu 1952. Mwaka 2022 walipiga kura zaidi ya watu 1,600: wahakiki, walimu wa filamu, waandaaji wa matamasha, watunza kumbukumbu. Kila mmoja hutaja filamu kumi, na zote kumi zina uzito uleule. Hakuna anayeulizwa ipi ya kwanza na ipi ya mwisho. Aliyeiweka Jeanne Dielman ya kumi moyoni mwake alihesabiwa sawa na aliyeiweka ya kwanza. Maana ya matokeo yale, basi, ni kwamba ilitajwa kwenye orodha nyingi kuliko filamu nyingine yoyote. Tangu 1962 mpaka 2002 nafasi hiyo ilishikwa na Citizen Kane ya Orson Welles, mwaka 2012 ikaenda kwa Vertigo ya Alfred Hitchcock, na hii ya 2022 ikawa mara ya kwanza kwa filamu iliyoongozwa na mwanamke.

Kelele zilikuwepo. Mwongozaji wa Marekani Paul Schrader alilalamika hadharani kwamba mkono wa siasa umeingia. Sikatai kwamba wapigakura waliongezwa, kwani mwaka 2012 walikuwa 846 tu, na kundi jipya lilikuwa na watu wa aina nyingi zaidi. Lakini waongozaji wenyewe hupiga kura yao kando, na huko nako filamu hii ilifungana katika nafasi ya nne. Hao ni watu wa kazi, wanaojua ugumu wa kumfanya mtazamaji akae kwenye kiti. Ushauri wangu ni kwamba uichukue kura kama sababu ya kuitafuta filamu. Kuipenda hujaamriwa na mtu.

Sasa viazi.

Jeanne ni mjane wa makamo anayeishi Brussels na mwanawe Sylvain, kijana wa shule. Filamu ina dakika 201, na tunakaa naye siku tatu. Kila alasiri anabandika viazi vya chakula cha jioni, kengele ya mlango inalia, anampokea mwanamume mmoja, anampeleka chumbani. Ni biashara, hufanywa kwa malipo, na hufanywa kwa nidhamu ileile ya kupiga deki. Mlango wa chumba unafungwa nasi tunabaki koridoni. Mlango unafunguliwa, mgeni analipa, hela zinatumbukizwa kwenye bakuli la supu lenye kifuniko lililo juu ya meza ya kulia, kifuniko kinarudishwa, na viazi vimeiva. Umeona? Viazi ndiyo saa yake. Muda wa mgeni na muda wa sufuria ni muda mmoja.

Siku ya kwanza hesabu inakwenda sawa. Siku ya pili mgeni na Jeanne wanachelewa kutoka. Nywele zake zimevurugika kidogo, bakuli la hela linabaki wazi, na viazi vimepitiliza. Anabeba sufuria anazunguka nayo ndani ya nyumba yake mwenyewe, jikoni, bafuni, jikoni tena, kama mgeni asiyejua vitu humwagwa wapi. Kisha anatoka kwenda kununua vingine, anarudi, anakaa, anaanza kumenya upya. Chakula kinachelewa. Kwa maisha ya mwanamke huyu, hilo ni tetemeko la ardhi.

Hakuna aliyesema neno. Mwongozaji wa kawaida angeisogeza kamera mpaka kwenye sufuria, angetuletea uso wa mama umejaa skrini nzima, na pale Bongo tungeongezewa kinanda cha huzuni ili hata jirani ajue kuna msiba. Chantal Akerman, aliyeiongoza filamu hii akiwa na miaka 24 tu, hafanyi hata kimoja kati ya hivyo. Hana muziki wa kubandika. Picha za karibu hakuna. Kamera ameiweka chini kidogo, kwenye kimo chake mwenyewe, naye alikuwa mfupi, na kila tendo linaachwa liishe. Tunachosikia ni visigino kwenye sakafu ya mbao, swichi ya taa, bomba, kifuniko. Sasa mtu anajuaje kwamba kuna kitu kimekwenda kombo? Anajua kwa sababu jana alionyeshwa kazi ileile kwa urefu wake wote, mpaka mwili wake ukaikariri.

Ni kama muadhini wa msikiti wa mtaani kwenu. Hujui kama umemzoea mpaka alfajiri moja achelewe dakika mbili, nawe umelala lakini sikio limeshituka. Filamu hii inatumia saa nzima ya kwanza kukujengea sikio la namna hiyo. Ukilala katika saa hiyo (na si kosa) siku ya pili itakuwa mwanamke tu na sufuria. Mama yako hakuhitaji hata hiyo saa. Mtu aliyeuza viazi karai stendi anajua hali ya sufuria kwa mvuke wake. Sikio aliingia nalo sebuleni tayari.

Hapa ndipo penye kosa la kwanza ambalo watu hulifanya, kudhani filamu ya polepole ni filamu ambayo hakuna kinachotokea. Humu yanatokea mengi. Ila yanatokea kwa kipimo cha maisha ya ndani ya nyumba, ambako kifungo kilichodondoka kwenye koti la mtoto ni habari. Polepole ni kipimo chenyewe. Ukiiharakisha filamu hii, kama vijana wanavyofanya siku hizi kwa kubonyeza mara moja na nusu, hutakuwa umeifupisha. Utakuwa umeivunja mizani.

Kosa la pili linahusu neno ambalo filamu hii hubandikwa mara kwa mara: ufeministi, yaani kudai haki na usawa wa wanawake. Wengi wakilisikia wanasubiri hotuba. Wanamsubiri shujaa wa kike atakayesimama katikati ya sebule awaeleze wanaume ukweli wao. Jeanne hasemi chochote cha namna hiyo, na nadhani ungempelekea kadi ya chama cha wanawake angeikunja vizuri aiweke kwenye droo. Ufeministi wa filamu hii uko kwenye mkasi wa mhariri. Katika sinema tulizozizoea, mama anaingia jikoni, mkato, chakula kiko mezani. Kazi ya saa mbili imerukwa, kwa sababu imehesabiwa kuwa si kitu. Lakini tukifika chumbani, kamera inatulia na inasogea karibu. Akerman aligeuza utaratibu huo wote. Jikoni kamera imekaa; chumbani, karibu filamu nzima, mlango umefungwa. Kile ambacho sinema hutumia kuuzia tiketi amekificha, na kile inachokitupa sakafuni amekipa saa tatu.

Alikuwa na umri mdogo, lakini hakuwa peke yake katika mawazo hayo. Mwaka 1972 ilianza huko Italia kampeni ya kudai kazi ya nyumbani ilipwe ujira, ikaenea nchi nyingine. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 1975 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wanawake. Mwezi Mei mwaka huo filamu ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, na watu kadhaa wakanyanyuka na kutoka. Akerman mwenyewe alikuwa akisimulia mlio wa viti vile. Miezi michache baadaye, tarehe 24 Oktoba 1975, takribani asilimia 90 ya wanawake wa Iceland walisusa kazi za ofisini na za nyumbani kwa siku moja, nchi ikasimama, akina baba wakabeba watoto wao kazini. Kwa mtu aliyeishi wakati huo, kumwangalia mwanamke akiosha vyombo mpaka mwisho lilikuwa swali la moto: hii ni kazi ama si kazi?

Nyuma ya kamera nako walijaa wanawake, na halikuwa jambo la kawaida hata kidogo. Mpigapicha alikuwa Babette Mangolte. Aliyeigiza Jeanne ni Delphine Seyrig, mwigizaji mkubwa wa Ufaransa aliyejulikana kwa nafasi za mabibi wa kifahari, na ambaye mwaka 1971 alikuwa miongoni mwa wanawake 343 waliotia saini tamko la kukiri kwamba waliwahi kutoa mimba, jambo lililokuwa kosa la jinai nchini humo. Akerman alimchagua kwa hesabu. Angemweka mwanamke ambaye tumezoea kumwona na ufagio, macho yetu yangempita, kama tunavyompita dada wa kazi anayedeki koridoni. Alipomweka bibi wa kifahari na apron, tukalazimika kuangalia.

Nalo hili litakuondolea dhana nyingine, kwamba mtu alisimamisha tu kamera akaacha maisha yajirekodi. Mwigizaji Sami Frey alirekodi video wakati wa maandalizi na upigaji picha, na ndani yake Seyrig anaonekana akiuliza sababu ya kila tendo, hili analifanya kwa wazo gani, lile kwa nini, naye yule binti mwongozaji anamjibu kwa habari za mwendo na muda. Kila kijiko kimepangiwa pa kulala. Kukaa kimya mbele ya kamera kwa dakika nyingi bila kuonekana unaigiza ni kazi ngumu kuliko kulia, waulize waigizaji.

Matendo yale aliyatoa wapi? Kwao. Akerman alizaliwa Brussels mwaka 1950, wazazi wake wakiwa Wayahudi waliotoka Poland. Mama yake, Natalia, alinusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Wazazi wa huyo mama hawakurudi. Binti alikulia katika nyumba ambamo hayo hayakuzungumzwa, ila vitanda vilitandikwa. Alisema mara nyingi kwamba filamu ile ilitokana na kuwaangalia mama na mashangazi zake wakiinama, wakibeba vifurushi, wakifuta meza. Ukilijua hilo, ule utaratibu wa Jeanne unabadilika sura. Anayepanga kila dakika ya siku yake pengine anaziba nafasi ili kitu fulani kisipate mlango wa kuingilia. Siku ya tatu anaamka mapema mno na anajikuta na saa nzima isiyo na kazi, na hiyo saa tupu ndiyo inayomtisha. Yanayofuata sikuambii, kwa heshima ya Mama, aliyeamua uyaone mwenyewe.

Mama huyo wa Akerman anapita katika kazi zake zote. Ukiwa na ndugu aliye ughaibuni, mtafutie News from Home ya mwaka 1976. Picha ni za New York: vichochoro, treni za chini ya ardhi, watu wasiokujua. Sauti ni ya Akerman akisoma barua alizoandikiwa na mama yake alipokuwa akiishi huko. Mbona huandiki. Nimekutumia hela kidogo. Fulani ameolewa. Baba yako anaumwa mgongo. Uvae nguo nzito. Kelele za jiji zinapanda zinafunika maneno, na barua inaendelea. Kuna Waswahili wa Minneapolis na London ambao hawatahitaji mhadhara wowote kuielewa. Wameshawahi kuacha ujumbe wa sauti wa mama wa dakika saba bila kuufungua. Filamu yake ya mwisho, No Home Movie ya 2015, ni ya mama huyohuyo akiwa mzee, jikoni kwake Brussels. Mama alifariki 2014, na Akerman mwenyewe alifariki Oktoba 2015.

Umeuliza kuhusu “filamu za wanawake wa Ulaya” kana kwamba ni shehena moja. Zinatofautiana sana, na zipo ambazo zingekufaa kama mlango wa kuingilia kuliko hiyo uliyoianza, ambayo ni sawa na kumpa mtu anayejifunza kuogelea Mkondo wa Pemba. Agnès Varda, mwongozaji wa Ufaransa, kwa mfano. Cléo de 5 à 7 ya 1962 ina dakika 90 tu: mwimbaji kijana anatembea Paris akisubiri majibu ya hospitali, na muda wa filamu unakwenda karibu sambamba na saa ya mkononi. Mwanzo anaangaliwa na kila mtu, vioo vimemzunguka. Katikati anavua wigi, anatoka nje, na kuanzia hapo anayeangalia ni yeye. Ni nyepesi, inachekesha, na inakufundisha jicho bila kukuadhibu. Ukiwa na moyo mgumu zaidi, tafuta Sans toit ni loi ya 1985, ya msichana mzururaji aliyekutwa amekufa mtaroni kwa baridi. Huko Hungaria, Márta Mészáros alitengeneza Adoption, kuhusu mwanamke wa kiwandani wa miaka 43 anayetaka mtoto, na mwaka huohuo wa 1975 akawa mwanamke wa kwanza kutwaa Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin. Mwaka huohuo tena, Safi Faye wa Senegali, aliyekuwa akisoma Paris, alitoa Kaddu Beykat, filamu yenye umbo la barua kutoka kijijini kwao, ya ukame na zao la karanga, inayotembea kwa mwendo wa jembe. Si ya Ulaya, najua. Nimeitaja kwa sababu watu hudhani mwendo huo wa polepole tumeletewa, na nikimwangalia Faye naona mwanakijiji anayejua mvua husubiriwaje.

Sasa niseme na upande wa pili, maana sipendi kukuuzia mbuzi kwenye gunia. Filamu za polepole zisizo na kitu zipo, tena tele. Baada ya watu kama Akerman kusifiwa, ukimya ukawa sare ya matamasha. Mtu anamsimamisha mwigizaji dirishani dakika sita, anapewa makofi. Kipimo changu ni cha kishamba lakini kimenisaidia: baada ya dakika tano za kuangalia kitu kilekile, je, najua jambo ambalo dakika ya kwanza sikulijua? Jeanne akikanda nyama ya kusaga, dakika ya kwanza naona anapika, dakika ya nne naona anakanda kama mtu aliyesahau anakanda nini. Hapo nimelipwa muda wangu. Kama sijui chochote kipya, nazima bila kuomba radhi.

Pia kuna pingamizi ambalo wasomi wachache hulitaja. Jeanne ana bomba la maji ya moto, jiko la gesi, lifti na mtoto mmoja. Mwanamke anayeamka saa kumi usiku kuwahi maji, akaenda gengeni, akarudi kupika, anaweza kukaa mbele ya filamu hii akauliza huyu analia nini. Ni swali la haki. Jibu langu, lisilonitosha hata mimi mwenyewe, ni kwamba filamu haimlilii kwa wingi wa kazi. Inamtazama akiwa peke yake na kazi hiyo, bila shoga wa kumtania wala jirani wa kuingia bila hodi. Jirani yupo, kwani huleta mtoto wa kushikiwa, lakini anabaki kuwa sauti mlangoni. Upweke huo ni wa ghorofa za Brussels. Siku hizi nauona na Dar es Salaam, ghorofani, lakini si kila mahali, na anayesema filamu hii ni ya wanawake wote wa dunia anamzidishia Akerman mzigo ambao hakuuomba. Yeye mwenyewe hakupenda kubandikwa majina.

Ukitaka kuirudia, nina maoni machache. Usiianze baada ya chakula cha usiku, umechoka na madaftari ya kusahihisha. Ianze asubuhi ya siku ya mapumziko. Simu iende chumba kingine. Filamu hii haishindwi na usingizi kama inavyoshindwa na simu, kwa sababu ukikosa dakika moja hujui umekosa nini. Naamini kuikalia kwa mkupuo mmoja ndiko bora, lakini si dini: kila siku inapoisha maandishi hutokea kukwambia siku imeisha, na hapo unaweza kukata, ukaendelea kesho saa ileile. Wengine wamefanya hivyo kwa siku tatu na kuniambia walijikuta jikoni kwao wanazima taa kwa utaratibu. Bora kuliko yote ni kuiona ukumbini. Vituo vya utamaduni vya Alliance Française na Goethe-Institut vya Dar es Salaam na Nairobi huwa na maonyesho ya filamu, na mara nyingi mazungumzo baada yake, waandikie, waombe. Ukiwa na watu arobaini gizani, kijiko kikidondoka utasikia ukumbi mzima ukivuta pumzi, na hilo sebuleni hulipati.

Nije kwa Mama.

Sidhani umemkosea. Filamu haimtii mtu huzuni ambayo hakuwa nayo, ingawa inaweza kuikuta mahali ilipowekwa. Mama ni mjane. Amemwona mjane mwenzake akiamka, akiwasha jiko, akipanga siku ili isimwangukie. Amemwona mtu ambaye mwanawe anakula, anasoma mezani na karibu hazungumzi naye. Nakuomba usinichukulie vibaya Mwalimu, lakini umesema alikuambia viazi vimepitiliza, nawe ukaenda kulala. Pengine ukimya wake hauna zaidi ya kusubiri kwamba utaiangalia, ili awe na mtu wa kuzungumza naye. Jibu la “kaangalie mwenyewe” lilikuwa mwaliko, na mpaka unaniandikia bado hujauitikia.

Hata hivyo, mimi ni mtu wa filamu, na kuna mambo ambayo barua haiyawezi. Kama ukimya huo unazidi wiki mbili, kama halali, kama sahani inarudi ilivyokwenda, kama ameacha vitu alivyokuwa akivipenda au anasema maneno ya kujikatia tamaa, usitafute jibu kwenye filamu wala kwangu. Mpeleke hospitali, mkamwone daktari na muulizie mshauri nasaha. Kuna vitengo vya afya ya akili kwenye hospitali za mikoa, na majonzi ya muda mrefu ni ugonjwa unaotibika kama mengine. Akisema jambo la kujidhuru, nendeni siku hiyohiyo, usisubiri Jumatatu. Kama kuna dada yake au shoga yake wa stendi aliyemwacha huko alikotoka, mpigie aje akae siku chache. Mara nyingi huyo hufanya kazi ambayo sisi wenye vyeti tunachukua muda kuifikia.

Kama hakuna dalili hizo, Jumamosi ijayo pikeni mapema, mkae pamoja, uanze pale ulipolala. Usimwambie hata moja kati ya niliyoyaandika hapa; tarehe na majina hayatamsaidia. Ikifika siku ya tatu kuna mahali Jeanne anatengeneza kahawa, anaionja, anaimwaga, anatengeneza tena. Simamisha hapo, umuulize Mama kahawa ile ina nini.